Mitamba Waliolala kwa Jirani

Hantersum, 17 Septemba 2017

Shangazi Geeske,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima haijui kwamba nakuandikia. Mama anajua, maana ndiye aliyenipa anwani. Mimi ni Hiske, mtoto wa pili wa mdogo wako Rinse. Kila Krismasi kadi huandika Mama, nami hutia jina langu pembeni kama shahidi wa kesi asiyoijua.

Sisi wazima. Mama bado anafundisha chekechea mjini Dokkum. Kaka yangu Jelmer yuko chuo kule Groningen, anasomea kompyuta, na amefuga ndevu. Mama anasema tuzivumilie tu, zitapita. Baba mgongo unamsumbua, lakini ukimuuliza atakwambia mgongo uko nyuma na yeye anatazama mbele.

Mimi nina miaka kumi na saba na niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Nimesomeshwa kwa Kifrisia na Kiholanzi, na naweza kunyamaza vizuri kwa lugha zote mbili. Darasani nikiinuliwa kujibu, jibu ninalo, ila hukwama kooni kama mwiba wa samaki. Wanaojua sauti yangu yote ni ng'ombe. Kwa hiyo niliposikia kwamba wewe barua pepe huzisomi, kwamba eti ni za wauza vyakula vya mifugo, nilifurahi. Kwenye karatasi sigugumii.

Shuleni lazima tuandike utafiti, na wangu ni huu: mabadiliko ya sera ya kilimo ya Ulaya yamefanya mashamba yazalishe vizuri zaidi, au vibaya zaidi? Nimechukua shamba letu kuwa mfano. Wewe ulikuwepo ilipoanza. Mwaka 1984 Ulaya ilikuwa na siagi mpaka haina pa kuiweka, ndipo ukaja mgao: kila shamba likapewa kipimo chake cha maziwa, ukizidisha unatozwa. Baba aliingia kwenye ufugaji akiukuta na akadhani atakufa auache. Aprili 2015 ukafutwa. Yeye akajenga banda jipya. Shangazi, ulione! Ukikohoa mle ndani, unakohoa mara mbili. Lina nafasi ya ng'ombe mara mbili ya wale tuliokuwa nao.

Tatizo ni kwamba kila mtu alijenga. Maziwa yakafurika, bei ikaanguka. Nimechora chati: ng'ombe wameongezeka, lakini maziwa ya kila mmoja yamepungua. Daktari wa mifugo anakuja mara nyingi hata mbwa ameacha kumbwekea. Na Baba halali. Nilitaka kuweka usingizi wa Baba kwenye chati, lakini mwalimu wangu, Bwana Tjeerdsma, akasema, "Hiske, usingizi si kipimo cha uzalishaji." Sikumjibu. Moyoni nilijua ni kipimo.

Sasa maswali yangu. La kwanza: nimesoma kwamba New Zealand ilianza kuwaondolea wakulima ruzuku mwaka uleule ulipofika huko. Mashamba yalifanyaje? La pili: kwa nini uliondoka mwaka uleule mgao ulipoanza huku? Nikimuuliza Baba anasema, "Alipenda milima." Kisha anakwenda kuangalia kitu kwenye banda.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha tangi la maziwa. Benchi lina msumari pembeni ambao umenirarulia suruali tatu, lakini hapa hakuna anayekuja kunitafuta.

Wako,
Hiske


Winton, 12 Oktoba 2017

Hiske, mwanangu,

Barua yako ilifika ndama wakizaliwa na mvua ikinyesha kwa upande. Ilikaa wiki nzima mfukoni mwa koti langu la kukamulia, kwa hiyo kama hii yangu ina harufu, ujue zilikaa pamoja. Mimi mzima. Tangu mume wangu Colin afariki shamba naliendesha na kijana Mfilipino, Rodel, anayewaimbia ng'ombe. Wale anaowaimbia wanatoa maziwa kuliko wangu, nami nimeamua kutolichunguza jambo hilo.

Swali lako la kwanza. Nilipofika walikuwa wanalia kama msibani. Ruzuku ilikuwa fimbo waliyoizoea mpaka wakaihesabu kuwa mguu. Ikaondolewa. Waliosema tutakufa wote walikosea, na waliosema hakuna atakayeumia walikosea pia. Jirani yetu wa magharibi aliuza, akaenda kuendesha basi la shule, na tangu siku hiyo akikutana na kondoo hageuzi shingo. Waliobaki walijifunza kufikiri kabla ya kununua. Hapa hatuna mabanda ya kujengea kiburi. Ng'ombe wanalala nje, na mtu akionekana na trekta jipya huulizwa amefiwa na nani.

Lakini usije ukaandika kwamba huku ni peponi. Baadaye sisi pia tuliongeza ng'ombe, kila mmoja wetu, samadi ikatiririka mtoni, na pale Colin alipokuwa akivua samaki sasa pamewekwa bango la kuwakataza watoto kuoga. Andika hivi: waliacha kuitegemea serikali, wakaanza kuutegemea mto. Bwana Tjeerdsma akibisha, mwambie aje nimpe glasi ya maji.

Swali la pili nimelisoma. Milima ni mizuri kweli.

Hilo benchi lako ni la mti gani? Na lina urefu gani?

Shangazi yako,
Geeske


Hantersum, 19 Novemba 2017

Shangazi Geeske,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Mama alipata mafua akayagawa sawasawa kwa kila mtu. Jelmer alikuja Jumapili na ndevu zake, akala supu ya njegere sahani tatu, akarudi Groningen. Bwana Tjeerdsma aliupenda ule mfano wa mto akauliza nimeutoa kitabu gani. Nikasema ni mawasiliano binafsi. Nilisikia raha kusema hivyo, kama mtu mwenye watu.

Benchi ni la mwaloni. Ni refu kuliko benchi linavyohitaji kuwa. Wanaweza kukaa watu wanane, na hapa hatujawahi kuwa wanane. Kwa nini unauliza?

Sasa jambo lenyewe. Ni baya, Shangazi, na nitalieleza kama ninavyolielewa. Mgao ulipofutwa ng'ombe wakawa wengi, na ng'ombe wengi maana yake samadi nyingi. Wakubwa wa Ulaya kule Brussels walikuwa wameturuhusu tumwage samadi nyingi kuliko nchi nyingine, ili mradi jumla isipite kipimo. Ikapita. Kwa hiyo kuanzia Januari kila ng'ombe lazima awe na haki ya kunya. Usicheke, ndivyo ilivyo, ila serikali imeiandika kwa maneno marefu. Na haki hizo unapewa kulingana na ng'ombe waliokuwa kwenye shamba lako siku moja tu: tarehe mbili Julai 2015. Siku yenyewe ilitangazwa siku hiyohiyo, hivyo hakuna aliyeweza kujiandaa.

Siku ile banda letu jipya lilikuwa zege bichi na la zamani limebomolewa nusu. Mitamba wetu, wale ambao Baba aliwalea tangu ndama ili walijaze banda, walikuwa wamepelekwa kulishwa kwa jirani mpaka majira ya baridi. Jirani mwenyewe ni Mzee Gosse, wa ng'ambo ya mtaro. Hakutaka malipo. Alisema ujirani ni ujirani.

Wafugaji wengine wakipeleka mitamba kwa jirani hawaandikishi popote. Wanarudi kabla mtu hajajua. Lakini Baba ni Baba. Aliwaandikisha kwa jina la Mzee Gosse asubuhi ileile waliyoondoka, mmoja mmoja, na namba zao za masikio. Kwa hiyo ng'ombe ni wetu, wako kwetu, tunawakamua sisi, ila haki zao ni za Mzee Gosse. Ng'ombe asiye na haki lazima auzwe, na bila wao banda halitalipika, na wanunuzi wameshaanza kupita wakitazama kama tai.

Jana mezani ilikuwa hivi. Mama alisema, "Rinse, ungekuwa mvivu kidogo tu siku ile, leo tungelala."

"Sheria inasema uandikishe."

"Sheria inasema pia usiendeshe kasi kwenda Dokkum."

"Siku niliyokwenda kasi pampu ya kukamulia ilikuwa imekufa. Ni tofauti."

"Basi nenda kwa Gosse. Serikali inaruhusu azirudishe zile haki, anaweka saini tu, mpaka mwisho wa Machi. Ni mtu mwema. Si ndiye aliyebeba jeneza la baba yako? Si ndiye aliyetukamulia ng'ombe wiki nzima ya msiba?"

"Yeye ndiye jirani wa karibu. Jirani wa karibu hubeba. Hakufanya kwa kupenda."

"Aa! Alifanya kwa nini sasa?"

Baba akasukuma sahani. "Kwa Gosse siendi," akasema, akaenda kuangalia kitu kwenye banda.

Shangazi, Baba hana woga wa fahali wala wa benki. Kwa nini anamwogopa mzee mwenye ng'ombe wachache kuliko wote kijijini?

Hiske


Winton, 10 Desemba 2017

Hiske,

Mimi mzima. Rodel mzima. Jua kali, na majani yanaota kwa fujo.

Mwambie baba yako asimpigie Gosse simu. Akitaka kwenda, aende kwa miguu.

Je, juu ya mtaro kati yenu kuna ubao wa kuvukia?

Krismasi njema kwenu nyote.

Geeske


Hantersum, 14 Januari 2018

Shangazi Geeske,

Heri ya mwaka mpya. Tumekula maandazi ya mwaka mpya mpaka tukaona aibu, na watoto wa kijijini wamelipua fataki mpaka ng'ombe wakakataa kushusha maziwa. Jelmer amenyoa ndevu. Mama amesikitika, anasema alikuwa ameanza kuzizoea.

Barua yako ilikuwa fupi. Niliisoma mara nyingi nikidhani kuna ukurasa umebaki ndani ya bahasha.

Hapana, juu ya mtaro hakuna ubao. Haujawahi kuwepo tangu nizaliwe. Nyumba ya Mzee Gosse tunaiona dirishani, namwona hata akimwaga maji ya viazi, lakini kumfikia unazunguka barabara ya daraja, robo saa nzima kwa baiskeli, na upepo uko usoni kwenda na kurudi. Nilikuwa nadhani mitaro ndivyo ilivyo. Uliponiuliza ndipo nikaanza kutazama mitaro ya wengine. Kila jirani ana ubao, Shangazi. Isipokuwa sisi.

Kwa hiyo nilikwenda. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ulikuwa si ujasiri, ulikuwa udadisi tu, nao hukupeleka mbali kabla hujakumbuka kuogopa.

Alifungua mlango akanitazama. "Wewe ndiye yule asiyesema."

"Ndiyo."

"Vizuri. Nina muda kabla ya kukamua. Kaa."

Akamimina chai, akafungua kopo la biskuti, nikachukua moja, akafunga kopo. Unajua ilivyo kwetu, mgeni ni biskuti moja. Nikamwambia nafanya utafiti kuhusu sera za Ulaya, kama zililifanya shamba lifanye vizuri.

Akacheka mpaka mbwa akaamka. "Shamba la nani?"

Kisha akanieleza. Alisema mwaka 1982 alikuwa kijana, baba yake amemwachia shamba, na haraka imemjaa. Aliingiza majani bandani yakiwa hayajakauka vizuri. Yakachacha, yakajipasha moto yenyewe ndani kwa ndani, na usiku mmoja wa Agosti banda zima likateketea. Ng'ombe walipona wote. Asubuhi babu yangu alivuka ubao na kamba mkononi, akasema, "Walete kwangu," wala hakusubiri kushukuriwa. Ng'ombe wa Gosse wakakaa kwenye banda letu mwaka mzima wa 1983 banda lake likijengwa upya, na maziwa yao yakaingia kwenye tangi letu.

"Babu yako alinilipa kila lita," akasema. "Usije ukaandika kwamba Douwe alikuwa mwizi. Alinilipa mpaka senti. Ila mgao ulipokuja walihesabu maziwa ya mwaka ule, na maziwa yote yalikuwa yamepita kwenye jina lake. Nikaenda nikamwambia, Douwe, kipimo cha ng'ombe wangu kirudi kwangu. Unajua alinijibu nini? 'Gosse, serikali imeshahesabu. Mimi ni nani nibishane na serikali?'"

Nikasikiliza. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

"Nikapewa kipimo cha mtu asiye na banda. Nimefuga kidogo maisha yangu yote. Siyo njaa, hapana. Kidogo tu. Na wiki ileile babu yako akautoa ubao. Alisema umeoza. Mwaloni! Mwaloni ule utawazika wajukuu zako."

"Uko wapi sasa?"

"Mnaukalia."

Shangazi, nilihisi kama nimekalia mtu.

Alisema Baba atasubiri mpaka siku za mwisho kisha atapiga simu, kwa sababu watu wa nyumba yetu ndivyo walivyo. "Mwambie simu yangu imeharibika," akasema. Palepale simu ikalia ukutani. Tukaitazama wote wawili. "Imeharibika," akasema tena, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Nilipokuwa mlangoni navaa koti, alifungua tena kopo, akanipa biskuti ya pili. Sijawahi kupewa biskuti ya pili na mtu yeyote nje ya nyumba yetu. "Shangazi yako alikuwa anakula mbili," akasema. "Alikuwa anavuka ubao ule kila jioni, na hakuwa anakuja kuangalia ng'ombe."

Sijamwambia Baba. Naogopa kwamba anajua. Ni kweli, Shangazi? Na utafiti wangu sasa niufanyeje? Nilikuwa nauliza kama shamba letu lilifanya vizuri chini ya mgao. Lilifanya vizuri sana. Nusu ya sababu ni ng'ombe wasio wetu.

Hiske


Winton, 4 Februari 2018

Hiske mpenzi,

Salamu za huku zinaweza kusubiri. Watu wazima, ng'ombe wazima.

Yote ni kweli. Nilikuwa nimesimama jikoni Gosse alipokuja. Alipotoka nikasema, "Baba, yale maziwa ni yake." Akaniambia niende nikakamue. Nikaenda. Nilikamua mpaka Septemba nilipoondoka, na kila ng'ombe niliyemshika nilijiuliza anakula haki ya nani. Babu yako hakuwa mtu mbaya. Aliokoa ng'ombe wa watu bila kufikiri mara mbili, kisha alipopata muda wa kufikiri akafikiri vibaya. Ubao aliutoa kwa sababu hakuweza kuwaona watu wakiuvuka.

Baba yako alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa mezani, alisikia kila neno, na jioni hiyo ndipo alipoambiwa shamba litakuwa lake. Mtu akipewa kitu kabla hajakiomba, hajui jinsi ya kukiachia. Kwa hiyo anajua, ndiyo. Hamwogopi Gosse. Anaogopa kwamba Gosse atamjibu vilevile alivyojibiwa, na kwamba atakuwa na haki.

Habari za nani alikuwa anavuka wapi jioni, Gosse amekaa peke yake muda mrefu na amekuwa na maneno mengi.

Sasa na mimi nina swali. Umeniuliza kuhusu ruzuku, mito, mbao na majirani. Una udadisi kama ndama aliyeona ndoo mpya. Lakini katika barua zako zote hujaandika mahali popote kwamba wewe unataka nini. Kama shamba likipungua, anayepoteza ni nani? Jelmer ana kompyuta zake. Mimi nina milima yangu. Unalilia shamba la nani?

Usinijibu mimi. Jibu lililokwama kooni halitoki kwa posta.

Geeske


Hantersum, 11 Machi 2018

Shangazi Geeske,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Kalamu ilikuwepo, mambo ndiyo yalikuwa hayajaisha, na sikutaka kukuandikia nusu.

Mwishoni mwa Februari ilikuja baridi kali kutoka mashariki, mitaro yote ikaganda, na kijiji kizima kikasahau kazi. Jelmer alirudi na viatu vyake vya kutelezea barafuni. Hata Mama aliteleza mpaka kanisani na kurudi. Baba peke yake hakutoka. Alisema Jumatatu mnunuzi anakuja kuchukua wale mitamba, ambao siku hizi si mitamba tena, wamezaa na wanakamuliwa. Alisema hivyo Ijumaa tukila, akitazama supu.

Nikasema, "Wasiondoke."

Nadhani nilisema kwa sauti ya bandani, maana wote waliweka vijiko chini.

"Utawalisha wewe?" Baba akauliza.

"Ndiyo. Nalitaka shamba."

Jelmer akainua mkono kama yuko darasani. "Mimi silitaki. Naomba ijulikane."

"Tangu lini?" Baba akaniuliza mimi.

"Tangu siku zote."

"Hukusema."

"Hukuuliza. Na silitaki lenye ng'ombe wa Mzee Gosse ndani yake, Baba. Silitaki hivyo."

Shangazi, uso wake. Sikuwahi kumwona Baba akiwa na miaka kumi na tano, lakini nadhani nilimwona wakati ule. Hakwenda hata bandani.

Asubuhi ya Jumamosi nikiwa nakamua nilisikia mbwa wa ng'ambo anabweka kama amewehuka. Nikatoka. Baba alikuwa katikati ya mtaro juu ya barafu, na viatu vyake vya mbao. Viatu vya mbao juu ya barafu! Akapiga hatua mbili, miguu ikaenda Dokkum na yeye akabaki, akakaa chini kwa kishindo. Mzee Gosse alikuwa mlangoni kwake na ndoo mkononi.

"Rinse!" akapiga kelele. "Miaka yote hii, na unakuja kwa makalio!"

"Nilitaka kuja kwa miguu!"

"Imeonekana! Njoo ndani kabla hujaniharibia barafu."

Waliyoongea siyajui. Niliona taa ya banda lake ikiwaka mchana kweupe. Jioni Baba alirudi kwa barabara ya daraja, juu ya baiskeli ya Mzee Gosse yenye kiti kilichopasuka. Akakaa mezani.

"Hatasaini," akasema.

Mama akaziba mdomo kwa mkono.

"Haki zinabaki kwake. Na mimi nimemwambia zibaki. Nilimwambia lile lililopaswa kusemwa na baba yangu, akasikiliza, akaniuliza kama nataka chai." Akavuta sahani yake. "Mitamba wanahamia kwake Jumatatu, badala ya mnunuzi. Magoti yake yamekwisha, anataka mtu wa kukamua sasa, na baadaye mtu wa kuliachia shamba. Anasema hataki mtu wa maneno mengi."

Wote wakanitazama. Shangazi, niliona haya mpaka nikainama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

Basi ndivyo ilivyo. Nikimaliza mitihani nitasoma kilimo Leeuwarden na kukamua kwa Mzee Gosse asubuhi na jioni. Sisi tumerudi kwenye idadi ya ng'ombe ya zamani. Nusu ya banda jipya ni tupu, na benki imekuja mara mbili na sura yake. Baba ameiambia kwamba kulipa kutachukua miaka mingi zaidi, nayo imeandika hilo. Lakini wiki hii daktari wa mifugo hakuja, mbwa akambwekea mtu wa posta kwa hamu ya siku nyingi, na Baba alilala kwenye kiti baada ya chakula, mdomo wazi, mpaka kahawa ikapoa.

Utafiti nimeuwasilisha mbele ya darasa. Niliandika kwamba mabadiliko yale hayakuwa na jibu moja: mgao ulitupa maziwa ya mtu, kufutwa kwake kukatupa banda la mwangwi, na siku ya kuhesabu haimjui mwenye ng'ombe. Usingizi wa Baba nimeuweka kwenye chati. Bwana Tjeerdsma akasema, "Nilikwambia nini kuhusu hilo?" Nikamjibu. Kwa Kifrisia, kwa sauti, mbele ya wote. Sikumbuki nilisema nini, lakini walipiga makofi, na yeye pia.

Jambo la mwisho. Barafu iliyeyuka Jumapili. Jumatatu asubuhi nilikwenda kukaa kwenye benchi nikakuta ukutani alama tu. Baba alikuwa mtaroni, matope mpaka magotini, analaza ubao. Bado unafika ng'ambo kama zamani, na hauyumbi. Alinisikia nikija akasema bila kugeuka, "Mpya ungechukua wiki mbili." Mitamba walizunguka kwa barabara, lakini mimi nilivuka.

Ule msumari sasa uko upande wa Mzee Gosse, pembeni. Umeshamrarulia suruali na Jelmer. Baba anasema Pasaka akipata nafasi ataung'oa.

Wako,
Hiske


Winton, 27 Machi 2018

Hiske,

Barua hii haitafika kabla ya Pasaka, kwa hiyo jana nilipiga simu. Alipokea baba yako. Nikasema, "Ni Geeske," naye akasema, "Najua," kisha tukanyamaza wote wawili, dakika baada ya dakika, kwa bei ya kupiga simu kutoka upande wa pili wa dunia. Mwisho nikamwambia jambo moja tu: ule msumari usiung'oe. Akasema, "Haya." Hakuuliza kwa nini.

Wewe utauliza, nakujua sasa. Niliupigilia mimi, majira ya vuli ya 1983. Nilikuwa natundika hapo taa yangu ya baiskeli, ining'inie juu ya maji, ili mtu wa ng'ambo akitazama dirishani ajue kwamba nimefika.

Geeske